Kuni za Mtu Mwingine

Mimi Ingebrikt, fundi barabara mstaafu,
niliijua baridi kama mtu ajuavyo deni lake:
siku mia mbili na kumi na mbili,
magogo tisa kwa siku,
kumi na mawili Januari, jua linapokuwa uvumi tu
nyuma ya milima ya kaskazini mwa Norwei.
Yote niliyaandika daftarini.
Kuni nilizipanga kwa rula, gome juu,
ukuta ulionyooka hata mchungaji alipopita
akavua kofia. Nilidhani anauheshimu ukuta.

Gudny, mke wangu, aliomba mkate wa leo.
Wa leo tu, kama mtoto aliyetumwa dukani na sarafu moja.
Nikamtania: Mungu hajawahi kushika shoka.
Akacheka, akaendelea kuomba,
nyayo zake zikiota moto wa kuni zangu.
Huu mwaka wa nne yuko kaburini,
na sikuwahi kumwambia kwamba utani ule
niliuamini.

Machi nikaanguka ngazini. Bega likavunjika mara tatu.
Daktari akasema miezi minane, mimi nikasema wiki sita,
shoka nalo likasema lake.
Oktoba ikanikuta na ukuta unaoishia kiunoni.

Sikumwambia mtu.
Mtegemea cha nduguye hufa maskini:
neno hilo nililinyonya, nikaota nalo meno.
Nikapunguza. Saba. Tano.
Nikahamishia godoro jikoni.
Usiku, badala ya kulala, nilihesabu magogo,
na kila nilipohesabu yalikuwa yaleyale.
Hesabu haizai.

Desemba, asubuhi isiyo na asubuhi,
nikafungua mlango nikakuta kuni.
Nyayo zimeshafukiwa na theluji,
lakini mtu wa kuni hahitaji nyayo.
Zimekatwa kwa msumeno butu, urefu hovyo,
huu mfupi kama kidole gumba, huu haupiti mlango wa jiko:
kazi ya Aslak wa ng'ambo ya mto,
ambaye hatujasalimiana miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya mpaka, mita mbili za kinamasi
kisichootesha hata nyasi.

Nikazipakia kwenye kigari cha theluji, nizirudishe.
Kweli kabisa. Kwa mkono mmoja, gizani.
Riziki haivutwi kwa kamba, watu husema;
mimi nilikuwa naivuta kwa kamba
irudi ilikotoka.

Katikati ya daraja pumzi zikaniishia.
Nikakaa juu ya kuni za mtu mwingine,
nikasema (haikuwa sala, sala ina mpangilio)
nikasema: Siwezi.
Basi. Mvuke wa neno hilo ukaganda ndevuni.
Mbingu haikufunguka.
Chini ya barafu mto ulipita,
ukifanya kazi yake bila kuniuliza.
Mto huo sikuuchimba mimi.
Misonobari ile sikuipanda.
Hata bega, lilipokuwa zima,
sikumbuki kulitengeneza.

Nikageuza kigari.

Kuni za Aslak mbichi. Zinalia, zinatoa povu,
moshi ukajaa chumba.
Machozi nikausingizia moshi,
ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.
Joto likaja polepole, bila rula,
likaanzia magotini.

Zilipokwisha zikaja nyingine. Kisha siku tatu, hola.
Jioni ya tatu nilikuwa nakitazama kiti cha Gudny,
miguu yake minne, mbao kavu,
mlango ukagongwa.
Aslak, theluji mabegani, mzigo mgongoni.
Nikasogea apite.
"Msumeno wako butu," nikamwambia.
"Na bega lako bovu," akajibu.
Tukaunoa hapo hapo, yeye akiushika, mimi nikipitisha tupa,
hatukutaja kinamasi.

Daftari bado ninalo. Bado nahesabu, tabia ni ngozi.
Ila ukurasa wa kesho nimeuacha mweupe,
na usiku, kabla ya kulala,
siku hizi sitii komeo.